Jenerali Aliyeuza Kuni

Juma hili naomba tusafiri pamoja mpaka mji wa St. Louis, katika jimbo la Missouri, nchini Marekani. Mwaka ni 1857, majira ya baridi kali. Pembeni mwa barabara amesimama mwanamume mfupi, mabega yameinama kidogo, amevaa koti kuukuu la kijeshi lililopauka rangi. Nyuma yake kuna gari la farasi lililojaa kuni. Kuni hizo amezikata mwenyewe shambani, na anazitembeza mtaa kwa mtaa kutafuta wanunuzi. Wapo wapita njia waliosoma naye chuo cha kijeshi. Baadhi wanamsalimu, na wengine wanajifanya hawakumwona.

Tarehe 23 Desemba mwaka huo, siku mbili kabla ya Krismasi, mtu huyo aliingia kwenye duka la rehani akaacha saa yake ya dhahabu. Akapewa dola 22. Alikuwa na mke na watoto, na sikukuu ilikuwa mlangoni.

Haikutimia miaka saba, muuza kuni huyo akawa ndiye mwenye amri juu ya majeshi yote ya Marekani, askari zaidi ya nusu milioni. Jina lake Ulysses S. Grant.

Na hata jina hilo, ndugu wasikilizaji, lilitokana na kosa. Alipozaliwa huko Point Pleasant, Ohio, tarehe 27 Aprili 1822, wazazi wake walimwita Hiram Ulysses. Mwaka 1839, mbunge wa sehemu yao alipomwombea nafasi katika chuo cha kijeshi cha West Point, alikosea kulijaza jina. Kijana alipofika chuoni akakuta ameandikwa Ulysses S. Grant. Akajaribu kueleza, lakini wakubwa wa jeshi wakamwambia kwamba anayetakiwa ni yule aliyeandikwa kwenye karatasi. Basi akaacha iwe hivyo, na herufi ile "S" haikusimama badala ya jina lolote maisha yake yote.

Baba yake, Mzee Jesse Grant, alikuwa na kiwanda cha kutengeneza ngozi. Mtoto alikichukia kiwanda kile tangu utotoni. Hakuweza kuvumilia harufu ya ngozi mbichi wala kuona damu. Mpaka uzeeni, nyama aliila ikiwa imebabuka kabisa kwa moto, na kama ina wekundu hata kidogo aliisukuma sahani pembeni. Tafadhali likumbukeni jambo hilo tutakapofika kwenye vita.

Alichokipenda ni farasi. Farasi aliyewashinda wengine wote alikuwa akiletewa yeye, na alimtuliza bila kelele wala mjeledi. Chuoni hakuwa hodari wala mjinga: alimaliza mwaka 1843 akiwa wa 21 kati ya wanafunzi 39. Ndoto yake haikuwa ujenerali. Alitaka kufundisha hesabu.

Badala ya ualimu akapelekwa kwenye vita ya Marekani dhidi ya Mexico, iliyopiganwa kuanzia 1846 hadi 1848. Alipangiwa kazi ya ugavi, yaani chakula, mahema na wanyama wa mizigo, lakini penye risasi alionekana pia. Baadaye aliandika bila kuficha kwamba vita ile ilikuwa dhuluma ya taifa lenye nguvu kwa taifa dhaifu. Si kila mwanajeshi husema hivyo juu ya vita iliyompa sifa.

Mwaka 1848 alimwoa Julia Dent. Hapo pana jambo la kutazamwa. Baba yake Julia alikuwa mwenye shamba na mwenye watumwa, na baba yake Grant alikuwa mtu aliyechukia utumwa, kiasi kwamba wazazi wa bwana harusi hawakuhudhuria harusi. Grant aliingia kwenye ndoa akiwa amesimama katikati ya ugomvi ambao baadaye uliipasua nchi nzima.

Jeshi likampeleka mbali, pwani ya Pasifiki. Njiani, mwaka 1852, kikosi chake kilipovuka Panama, kipindupindu kiliua watu wengi, na yeye ndiye aliyehangaika kuwatafutia wagonjwa usafiri na matunzo. Huko California mshahara haukutosha kumleta mke na watoto. Upweke ukamzidi. Hapo ndipo habari za pombe zilipoanza, na hazikumwacha tena. Mwaka 1854 alijiuzulu. Wengi walisema alitakiwa achague kati ya kujiuzulu na kushitakiwa kwa ulevi. Kweli au uongo, sifa hiyo ilimfuata kama kivuli.

Ndipo zikaja zile kuni. Alilima, mazao yakaharibika na bei ikaanguka. Akajaribu udalali wa nyumba na kukusanya kodi za pango, lakini kazi ya kumdai maskini haikumfaa hata kidogo. Katika ufukara huo, Machi 1859, alifanya jambo moja ambalo mimi naliweka juu kuliko mapigano yake mengi. Alikuwa na mtumwa mmoja, William Jones, aliyempata kutoka kwa baba mkwe wake. Kumuuza kungemletea fedha za kulipa madeni na kuanza maisha upya. Grant akaenda mahakamani akaandika hati ya kumwachia huru, bila kudai senti. Sisemi kwamba hilo linafuta dhambi ya kumiliki mtu. Mwaka 2020 waandamanaji waliiangusha sanamu ya Grant mjini San Francisco, na habari ya William Jones ikazungumzwa upya. Lakini ni vema mizani iwe na sahani zake zote mbili.

Mwaka 1860 akasalimu amri kwa baba yake. Akahamia Galena, Illinois, kuuza bidhaa za ngozi katika duka la familia, akiwa chini ya wadogo zake. Umri miaka 38. Kile kiwanda alichokikimbia utotoni kikawa kimemrudisha.

Kisha vita ikaja. Novemba 1860 Abraham Lincoln alichaguliwa kuwa Rais, na majimbo ya Kusini, yaliyoishi kwa pamba na jasho la watumwa, yakaanza kujitenga. Hatimaye yakawa 11. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ya Kusini ililipua ngome ya Sumter. (Niseme kwa kupita tu kwamba vita hivyo vilisikika mpaka huku kwetu. Ile nguo ya merikani, iliyokuwa kama fedha katika biashara ya Zanzibar na misafara ya bara, ilitoka kwenye viwanda vya Marekani ya Kaskazini. Pamba ya Kusini ilipokatika, merikani ikaadimika na bei ikapanda, wafanyabiashara wakageukia nguo za Uingereza na India.)

Serikali ilihitaji maofisa waliosomea vita. Grant akapewa ukanali wa kikosi cha 21 cha Illinois, kikosi cha vijana watundu waliokuwa wameshindikana. Akawanyoosha kwa sauti ya chini, bila matusi.

Katika safari yake ya kwanza kumkabili adui, huko Missouri, alitakiwa kuipanda kilima ambacho ng'ambo yake ilikuwa kambi ya kanali mmoja wa Kusini. Mwenyewe alisimulia kwamba moyo ulimpanda mpaka kooni, na angetoa chochote awe amerudi Illinois, ila tu hakuwa na ujasiri wa kusimama na kufikiri la kufanya. Walipofika juu, kambi ilikuwa tupu. Adui alikuwa amekimbia. Grant akatambua jambo ambalo hakuwahi kuliwaza: kwamba yule kanali alimwogopa yeye kama yeye alivyomwogopa kanali. Tangu siku ile hakusahau.

Februari 1862 alizitwaa ngome mbili zilizolinda mito ya Tennessee na Cumberland, yaani Henry na Donelson. Aliyekabidhi Donelson alikuwa Jenerali Simon Buckner, rafiki yake wa zamani ambaye mwaka 1854 alimsaidia alipokwama New York bila fedha. Buckner akauliza masharti. Grant akajibu kwamba hakuna sharti ila kusalimu amri mara moja. Askari zaidi ya 12,000 wakatekwa. Magazeti ya Kaskazini yakashangilia, na kwa kuwa yaliandika kwamba jenerali alikuwa na biri mdomoni wakati wa mapigano, wananchi wakamtumia biri kwa maboksi kutoka kila upande. Akawa anavuta moja baada ya nyingine. Zawadi ile ya wapenzi wake ilikuja kumuua.

Aprili 1862, huko Shiloh, alishtukizwa alfajiri. Siku mbili za mapigano zikaacha watu wapatao 23,000 wameuawa, kujeruhiwa au kupotea, pande zote mbili. Usiku wa siku ya kwanza, jeshi lake likiwa limesukumwa mpaka ukingo wa mto, mvua ikinyesha, Grant alijaribu kujikinga katika nyumba iliyofanywa hospitali. Madaktari walikuwa wakikata miguu na mikono. Hakuweza kukaa. Akatoka akasimama chini ya mti kwenye mvua mpaka kulipokucha. Muoga wa damu! Asubuhi akashambulia, na jeshi la Kusini likarudi nyuma. Washington wakapiga kelele aondolewe, ni mlevi, ni mchinjaji. Inasimuliwa kwamba Lincoln aliwajibu kuwa hawezi kumwachia mtu huyu, kwa sababu anapigana.

Sitaficha pia waraka wake wa Desemba 1862, aliofukuza Wayahudi wote katika eneo aliloliongoza, eti kwa sababu ya ulanguzi wa pamba. Lincoln aliufuta upesi. Kuadhibu watu kwa asili yao ni uovu ule ule, hata ukifanywa na mtu anayepigana upande wa haki, na yeye mwenyewe alikuja kuujutia.

Ushindi wake wa kisomi zaidi ulikuwa Vicksburg, mji uliokaa juu ya kingo za mto Mississippi kama mlinzi mlangoni. Alijaribu njia tele zikashindikana. Aprili 1863 akapitisha meli zake usiku chini ya mizinga ya mji, akavusha jeshi upande wa kusini, akaingia ndani ya nchi ya adui akila kilichopatikana humo humo, akashinda mapigano matano kwa majuma matatu. Kisha akauzingira mji. Raia wakahamia mapangoni, na baghala wa mizigo wakawa kitoweo. Tarehe 4 Julai 1863 watu wapatao 29,500 walisalimu amri, na mto wote ukawa mikononi mwa Kaskazini.

Machi 1864 Lincoln alimwita Washington kumpa cheo cha Luteni Jenerali. Akafika hotelini na mwanawe, nguo zimejaa vumbi la safari. Karani akamtazama, akampa chumba kidogo huko juu ghorofani. Grant hakusema neno. Akaandika kitabuni: U. S. Grant na mwanawe, Galena, Illinois. Karani aliposoma, chumba kizuri kikapatikana palepale. Nadhani makarani wa aina hiyo hawajaisha duniani.

Mwezi Mei akakutana na Jenerali Robert E. Lee katika pori la Virginia. Siku mbili za mapigano, moto ukawaka msituni, majeruhi wakaungua wakiwa hai. Majenerali waliomtangulia Grant, wakipata pigo la namna ile, walirudi kaskazini kujipanga upya. Usiku ule askari walipofika njia panda walingoja waone wanageuzwa wapi. Safu zikageuzwa kusini, kuelekea mbele. Watu waliokuwa wamechoka na wamefiwa wakaanza kushangilia gizani.

Gharama ilikuwa ya kutisha. Kwa wiki sita hivi alipoteza watu wapatao 55,000, waliokufa, kujeruhiwa na kutekwa. Kule Cold Harbor, tarehe 3 Juni, maelfu walianguka asubuhi moja bila faida yoyote, na Grant aliandika kwamba shambulio lile alilijutia daima. Mimi sikubaliani na wanaomwita mchinjaji tu, kwa maana vita vya miaka mitatu vya kurudi nyuma na kuanza upya navyo viliua. Lakini mjane wa Cold Harbor asingenisikiliza, na angekuwa na haki.

Hapo pana suala ambalo halisimuliwi sana. Watu weusi wapatao 180,000 walipigana katika jeshi la Kaskazini, wengi wao watumwa waliotoka kukata minyororo. Kusini ilikataa kuwatambua kuwa askari. Oktoba 1864 Lee aliomba wabadilishane mateka, mtu kwa mtu. Grant akauliza: je, na askari weusi watarudishwa sawa na weupe? Lee akajibu kwamba waliokuwa watumwa wa raia wa Kusini hawamo. Grant akakataa mabadilishano. Alikuwa na hesabu ya kivita pia, maana Kusini ilikuwa ikiishiwa watu. Na uamuzi huo uliwaumiza askari wake weupe waliokuwa wakifa kwa njaa katika kambi ya Andersonville, walikokufa karibu 13,000. Lakini jibu lilibaki pale pale: mwenye kuvaa sare ya Marekani ni askari wa Marekani.

Baada ya miezi tisa ya kuuzingira mji wa Petersburg, Lee akakwama. Tarehe 9 Aprili 1865 wakakutana Appomattox, katika sebule ya Bwana Wilmer McLean, ambaye, kwa kichekesho cha dunia, alihama nyumba yake ya kwanza kwa sababu mapigano ya mwanzo ya 1861 yaliifika. Lee aliingia amevaa sare mpya na upanga wa fahari. Grant alikuja na fulana ya askari wa kawaida na viatu vyenye matope. Masharti aliyaandika kwa mkono wake: wekeni silaha, rudini majumbani, hakuna atakayesumbuliwa maadamu mnatii sheria. Maofisa wabaki na panga zao. Wenye farasi waende nao, kwa kuwa ni majira ya kulima. Jeshi la Lee lilikuwa na njaa, akaamuru lipewe chakula cha watu 25,000. Mizinga ya Kaskazini ilipoanza kupiga salamu za ushindi, akaisimamisha. Na Rais Andrew Johnson alipotaka baadaye kumshitaki Lee kwa uhaini, Grant alitishia kujiuzulu. Alikuwa ametoa neno lake.

Aliongoza Marekani kama Rais kuanzia 1869 hadi 1877. Wengi hukumbuka kashfa: wakwepaji wa kodi ya wiski wakiwa na mtu wao ndani ya ofisi ya Rais, na waziri wa vita akila rushwa. Yeye mwenyewe hakuiba, ila aliwaamini rafiki zake kuliko ilivyompasa kiongozi. Lakini mwaka 1870 marekebisho ya 15 ya Katiba yaliwapa wanaume weusi haki ya kura, na wabunge wa kwanza weusi wakaingia Washington. Magenge ya Ku Klux Klan yalipoanza kuua na kuchoma nyumba ili kuwazuia, Grant mwaka 1871 alipitisha sheria kali, akapeleka askari South Carolina, akakamata watu kwa mamia. Klan ile ikavunjika. Kisha Kaskazini ikachoka. Uchumi uliporomoka mwaka 1873, na Mississippi ilipolilia askari mwaka 1875 serikali yake ilisita. Alipoondoka, ulinzi ukaondolewa, na mtu mweusi wa Kusini akangoja karibu miaka 90 mingine. Kwa muda mrefu vitabu vya historia vilimtukana Grant na kumtukuza Lee. Tazameni ni nani alifaidika na masimulizi hayo.

Uzeeni akatia fedha zake zote katika kampuni ya kijana mmoja wa New York, Ferdinand Ward, aliyesifiwa kuwa na akili ya ajabu ya fedha. Ilikuwa upatu: wa kwanza wanalipwa kwa fedha za wanaofuata. Mei 1884 Ward alimwambia benki imekwama kidogo, zinatakiwa dola 150,000. Grant akaenda kwa miguu yake kwa tajiri William Vanderbilt, akakopeshwa kwa heshima tu. Siku mbili baadaye kila kitu kilikwisha. Aliyeamka akidhani ni milionea alilala akiwa na kiasi cha dola 80. Vanderbilt alitaka kusamehe deni, mzee akakataa, akamkabidhi panga zake na zawadi alizopewa na mataifa.

Kiangazi hicho hicho aliuma tunda la pichi, koo likamchoma kama moto. Ilikuwa saratani. Akaamua kuandika kitabu cha maisha yake ili Julia asiachwe ombaomba. Mwandishi Mark Twain alipoona mkataba aliotaka kupewa na wachapishaji wengine, akaona anapunjwa, akamchapishia mwenyewe kwa asilimia 70 ya faida. Grant aliandika akiwa amejifunika shali, akimeza maji kwa maumivu. Sauti ilipokwisha, akawa anawaandikia madaktari vikaratasi. Juni 1885 walimhamishia mlimani, Mount McGregor. Katikati ya Julai akaweka kalamu chini. Alikufa tarehe 23 Julai 1885.

Kitabu kilimletea Julia zaidi ya dola 400,000. Hundi ya kwanza peke yake ilikuwa ya dola 200,000.

Siku chache kabla ya kifo, mgeni mmoja alipanda mlima kumwona. Wazee wale wawili walizungumza, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa penseli. Tarehe 8 Agosti, jeneza lilipopitishwa New York mbele ya watu zaidi ya milioni moja, mgeni yule alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza kwa heshima, pamoja na majenerali wa Kaskazini. Alikuwa Simon Buckner, aliyemsaidia mwaka 1854 na kusalimu amri kwake mwaka 1862.